Ushoroba wa nyumbu katika mpango wa ardhi ya kijiji: tuuandikeje bila kuipoteza ardhi yetu?

Katibu_Nyanda ameuliza:

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Simanjiro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mpango wetu wa kwanza ulitengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, muda wake umekwisha, na sasa tumearifiwa kwamba timu ya wataalamu wa wilaya itakuja kutusaidia kuuhuisha. Ninaandika mapema, kabla hawajafika, kwa sababu mara iliyopita tulikaa kimya hadi tukaona ramani imeshachorwa.

Kijiji chetu kina mbuga moja pana ya majani mafupi. Mvua za vuli zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, nyumbu na pundamilia huondoka kwenye Mto Tarangire na kutawanyika katika mbuga hizi za Simanjiro. Nyumbu huzalia huku, kwa kawaida kati ya Januari na Machi, kisha mvua za masika zikikatika hurudi mtoni. Wazee wetu wameishi na mwendo huo miaka yote. Ndama wa nyumbu wakiwa wachanga, ng'ombe huondolewa mbugani kwa kuhofia ugonjwa unaotokana na ndama hao, na nyumbu wakishaondoka mifugo hurudi. Hakuna aliyewahi kuuita utaratibu huo uhifadhi. Kwetu yalikuwa malisho, na malisho yana taratibu zake.

Katika mpango wa zamani mbuga hiyo imepakwa rangi ya "eneo la akiba". Wakati ule tulidhani kuwekwa akiba ni kulindwa. Sasa tumeelewa, nasi tumechelewa kuelewa, kwamba kwa lugha ya mpango ule akiba ni ardhi inayongoja kugawiwa. Maombi ya mashamba yamejaa mezani kwa Halmashauri ya Kijiji, mengine ya vijana wetu wenyewe, mengine ya watu wa mjini wanaotaka ekari nyingi za kulima maharage na ngwara kwa trekta, na ukingo mmoja wa mbuga umeshalimwa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji uliopita uligawanyika. Wapo wanaotaka mbuga igawiwe, na wapo wanaotaka ibaki malisho. Lipo pia kundi la tatu, kubwa kuliko nilivyotarajia, linalotaka mbuga ibaki malisho lakini halitaki neno lolote la wanyamapori liandikwe kwenye mpango. Mzee mmoja alisema kwamba kila alikoona neno "hifadhi" likiandikwa, baadaye aliona watu wakihama, na baada ya hapo hapakuwa na aliyetaka kuendelea kuzungumza.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Mapito haya ya nyumbu, ambayo wataalamu huyaita ushoroba, na mazalia yao tuyaandike kwa jina gani katika mpango? Je, kuyaandika kunafungua mlango wa kunyang'anywa ardhi, au kutoyaandika ndiko kunakoufungua? Na kuna faida gani sisi kutunza upande wetu ikiwa kijiji jirani kinalima upande wake?

Mpanga_Ardhi amejibu:

Ndugu Katibu, marahaba, na asante kwa kuuliza kabla timu haijafika. Nilifanya kazi ya mipango ya ardhi wilayani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maswali kama haya niliyapata mara nyingi baada ya ramani kusainiwa, wakati ambapo msaada wangu ulikuwa mdogo.

Nianze na hilo la akiba, kwa sababu ndipo tatizo lenu lilipozaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ambayo tayari inakaliwa na kutumiwa na mtu, familia au kikundi, na ardhi inayoweza kugawiwa baadaye. Mbuga yenu imo katika fungu la tatu. Kwa hiyo wanaoomba mashamba hawavunji sheria yoyote. Wanaomba kile ambacho mpango wenyewe umewaonyesha kwamba kinaombwa. Mnachotakiwa kufanya ni kuihamishia mbuga katika fungu la kwanza. Sheria inasema wazi kwamba ardhi ya pamoja haitolewi kwa mtu binafsi. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu unaridhia, na eneo linaandikwa katika daftari la ardhi ya pamoja. Kwa sasa, hata kabla ya mpango mpya, kumbusheni kwamba Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kama ukingo ule ulilimwa bila muhtasari wa Mkutano Mkuu, hilo ni jambo la kuhojiwa sasa, kabla hao wanaolima hawajaanza kudai fidia ya maendelezo.

Kuhusu jina, ushauri wangu ni kwamba andikeni malisho. Namaanisha "malisho ya pamoja ya mifugo na wanyamapori", na katika maelezo ya mpango elezeni majira yote kama ulivyoyaeleza hapa: lini ng'ombe wanaondoka, lini nyumbu wanaingia, lini wanazaa, lini mifugo inarudi. Ninashauri hivi kwa sababu ndiyo hali halisi ya mbuga yenu. Nyumbu hawaji Simanjiro kwa bahati. Majani ya mbuga hizi yana madini ya fosforasi kwa wingi kuliko yale ya ndani ya hifadhi, na jike anayenyonyesha anayahitaji. Majani hayo hayo ndiyo yanayonenepesha ng'ombe wenu. Kinachowatunza nyumbu ni kwamba hapana jembe, uzio wala makazi, na hayo matatu ndiyo yanayokatazwa pia katika malisho mazuri. Mkiandika eneo moja la malisho na jingine la wanyamapori, mtakuwa mmeigawanya ardhi ambayo wazee wenu hawakuigawanya kamwe, na kila upande utaanza kumwona mwenzake mvamizi. Malisho yana sheria yake vilevile, Sheria Namba 13 ya mwaka 2010 inayohusu maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo, kwa hiyo msidhani kwamba neno malisho ni dhaifu.

Sasa nijibu swali la kunyang'anywa, na nitalijibu bila kulipamba. Rais ana mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ardhi ya hifadhi kwa manufaa ya umma, na mpango wa kijiji hauondoi mamlaka hayo. Lakini sheria imeweka utaratibu: wanakijiji wasikilizwe, eneo likiwa chini ya hekta 250 Mkutano wa Kijiji wenyewe ndio unaoridhia au kukataa, na likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya Mkutano, na uhamisho usifanyike hadi fidia ikubaliwe. Kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji, mpango uliopitishwa, daftari la ardhi ya pamoja na sheria ndogo zinazotekelezwa husimama katika mazungumzo hayo kikiwa na vielelezo. Kijiji ambacho mbuga yake imeandikwa "akiba" husimama kikiwa na ramani inayosema eneo lake halina mtumiaji. Mimi nimeona zaidi ardhi ikipotea kwa kuitwa tupu kuliko kwa kuitwa malisho.

Hatua moja zaidi ni kuiombea mbuga hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kikundi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011, na baada yao vijiji kadhaa vya wafugaji kaskazini vimefuata njia hiyo kwa malisho, vingi vikisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Hati haizuii kila jambo, lakini humlazimisha anayetaka ardhi kuzungumza na mwenye jina.

Swali la jirani nitalirudia nikipata nafasi.

Mama_Kwakuchinja amejibu:

Nimemsoma mtaalamu kwa heshima, na sehemu kubwa nakubaliana naye, ila hilo la kuliepuka neno ushoroba linanitia wasiwasi.

Mimi ni mkulima upande wa pili wa Tarangire, wilayani Babati, katika ushoroba wa Kwakuchinja unaounganisha Tarangire na Ziwa Manyara. Hapa petu kuna barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha inayokatiza katikati ya mapito, kuna mgodi wa fosfeti wa Minjingu, kuna makazi yanayokua kandokando ya lami, na kuna Jumuiya ya Hifadhi Burunge iliyoundwa na vijiji kwa ardhi yao wenyewe. Anayepanga barabara, nguzo za umeme au kiwanda hasomi maelezo ya majira ya ng'ombe katika ukurasa wa arobaini wa mpango wa kijiji. Anaangalia ramani. Kama mapito hayana mstari na jina kwenye ramani, kwake hayapo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazitambua shoroba, maeneo ya mtawanyiko na njia za kuhama kwa wanyama, na kanuni zake mahsusi zilitoka mwaka 2018. Ninachoomba ni kwamba fungu la ardhi liwe malisho ya pamoja kama alivyosema mtaalamu, lakini mstari wa mapito uchorwe juu yake, uonekane, na ufike kwa wapangaji wa wilaya na mkoa.

La pili ni la jembe, na ninaliongea nikiwa mwanamke anayelima. Katika mipango mingi niliyoiona mapito huchorwa na wanaume wanaochunga, na mashamba ya wanawake yanaangukia pale palipobaki, yaani ukingoni, tembo wanapopita. Tembo akiingia shambani usiku mmoja, mwaka umekwisha. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, kipo, lakini msikitegemee kama fidia. Kanuni za mwaka 2011 zilikipanga kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ukomo wa ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikupewa kitu. Maana yake ni kwamba mpango wa kijiji unaompangia mama shamba karibu na mpaka humnyima shamba salama, na humnyima hata kile kifuta jasho.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, mtakapochora mbuga, choreni na mashamba kwa uangalifu uleule. Yawekeni pamoja, katika eneo moja, mbali na mapito, badala ya shamba moja hapa na jingine kule. Mashamba yaliyo pamoja yanalindika: watu wanakesha kwa zamu, uzio wa pilipili au wa mizinga ya nyuki unazunguka wakulima ishirini kwa gharama ambayo mmoja hawezi. Shamba la peke yake katikati ya mbuga humwumiza mkulima, humwumiza mnyama, na baada ya mwaka mmoja linaitwa ushahidi kwamba wanyama na watu hawawezi kuishi pamoja. Hakikisheni pia kwamba wajumbe wanawake wa kamati wanatembea mipaka kwa miguu, wasiitwe tu siku ya kusaini mahudhurio.

Mfugaji_Kajiado amejibu:

Natoa salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sheria zetu ni tofauti na zenu, kwa hiyo sitawafundisha taratibu. Nitasema tu kile tulichokiona Kitengela, kwa sababu nyinyi bado mna nafasi ambayo sisi tuliipoteza.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu. Iliwezekana kuwa na nyumbu wengi kwa sababu upande wake wa kusini ulikuwa wazi kuelekea nyanda za Kitengela na Kaputiei, ambako wanyama walitawanyika wakati wa mvua kama hao wenu wa Simanjiro. Ardhi ile ilikuwa ranchi ya kikundi. Miaka ya 1980 ikagawanywa, kila familia ikapata hati yake, na tulishangilia kwa sababu hati ilikuwa heshima na usalama. Mwenye hati akauza kipande alipe karo, mnunuzi akaweka uzio, jirani yake naye akaweka uzio ili naye asiachwe wazi. Hapana hata mmoja aliyekusudia kuifunga njia ya nyumbu; ilifungwa kwa ekari tano tano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa zaidi ya 26,000. Kufikia mwaka 2011 hawakufika 3,000.

Tulijaribu kutibu baadaye. Kuanzia mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza, na malipo yaligawanywa mara tatu ili yalingane na muhula wa shule. Lilikuwa wazo jema na lilizisaidia familia nyingi, yangu ikiwamo. Lakini bei ya kiwanja karibu na jiji ilipanda kupita chochote ambacho mpango ule ungeweza kulipa. Baadaye wenye ardhi na baraza letu la wakati ule walitengeneza mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, wenye viwango vya chini vya ukubwa wa kipande ili nyanda zisikatwekatwe zaidi. Ninauheshimu mpango ule. Lakini mpango unaokuja baada ya ardhi kugawanywa huomba. Hauamuru, kwa sababu kila anayesimama mbele yake ana hati mkononi.

Ndugu yangu wa Simanjiro, mbuga yenu bado ni ya wote. Wanaokuja na maombi ya ekari wanawaomba mwanzo wa safari ambayo mwisho wake mimi nauona kila siku kutoka mlangoni kwangu, na ninaumia.

Katibu_Nyanda amejibu:

Nawashukuru nyote. Dada wa Kwakuchinja, nimeyasoma maneno yako kwa wajumbe wanawake wa kamati yetu jana, na wameniagiza nikwambie kwamba mipaka wataitembea wenyewe.

Sasa naomba nilete jambo gumu zaidi. Vijana wanaoomba mashamba si watu wabaya. Wengi hawana ng'ombe wa kutosha. Ukame uliopita umewamaliza, na mtu asiye na mifugo anapoambiwa kwamba mbuga ibaki malisho, anasikia kwamba ibaki mali ya matajiri wenye ng'ombe mia tatu. Nimewaza sana juu ya hilo na sioni kwamba wamekosea. Tutawajibu nini Mkutanoni?

Mpanga_Ardhi amejibu:

Ndugu Katibu, hawajakosea, na mpango usiowajibu vijana hawa utavunjwa na wao hao, tena kwa haki.

Kwanza, wapewe ardhi ya kulima, na mpango uonyeshe wapi. Katika kila kijiji cha Simanjiro nilichokifikia kulikuwa na maeneo yenye udongo mzito na maji zaidi kuliko mbuga ya majani mafupi. Mbuga ile wanyama wanaipenda kwa ajili ya majani yake, lakini kwa mahindi ni pa kubahatisha: mwaka mmoja wa mvua nzuri unafuatwa na miwili ya kupoteza mbegu, na majani yaliyokwisha kulimwa hayarudi upesi. Mwiteni afisa kilimo aupime udongo mbele ya vijana wenyewe. Wakiona kwa macho yao, hamtahitaji kuwashawishi kwa maneno mengi.

Pili, kiwango cha juu cha mifugo na ada ya malisho viandikwe katika sheria ndogo. Mwenye ng'ombe mia tatu anatumia ardhi ya wote kuliko mwenye kumi, na ni halali achangie zaidi. Sheria ndogo hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, huletwa Mkutanoni, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msiishie njiani. Nimeona sheria ndogo nzuri sana zikikaa kabatini miaka minne kwa kukosa muhuri, na mvamizi wa kwanza aliyefikishwa barazani akaachiwa kwa sababu hiyo.

Tatu, mapato ya wanyamapori yawafikie wasio na ng'ombe. Jirani zenu wa Terrat tangu katikati ya miaka ya 2000 wana makubaliano na kampuni za utalii: kijiji kinaiacha sehemu ya mbuga bila kulimwa wala kujengwa, malisho yanaendelea kama kawaida, na kampuni zinalipa kila mwaka. Nayataja makubaliano hayo kwa sababu hayakumwondoa mtu. Kama mkifikia makubaliano ya aina hiyo, amueni kabla fedha haijaingia ni kiasi gani kitaenda kwa ada za wanafunzi, ajira za askari wa kijiji na mitaji ya vijana. Fedha ikiingia kwanza na mazungumzo yakafuata, mtagombana.

Sasa nililoahidi kuhusu jirani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji kuwekeana makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, inavitambua vijiji kuwa mamlaka za mipango. Nendeni Kiteto mkaone. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilitengeneza mpango wa pamoja, vikaunganisha malisho yao yaliyozidi hekta 20,000, na eneo hilo wakaliita OLENGAPA kwa kuyaunganisha majina yao matatu. Hawakufuta mipaka ya vijiji. Kila kijiji kilibaki na chake, lakini malisho yakawa na kamati moja na masharti yaleyale pande zote. Kwa mnyama anayehama, hilo ndilo linalomsaidia. Mpango wa kijiji kimoja unatunza kipande cha njia, na njia iliyofungwa mbele haipitiki hata ikiwa huku nyuma ni pana namna gani. Kwa hiyo msingoje mpango wenu ukamilike ndipo mwaite jirani. Mwaliko wa barua kutoka kwa mwenyekiti wenu uende wiki hii, wajumbe wao wakae katika kikao chenu cha ramani.

Na kwa Mama wa Kwakuchinja: nimekubali hoja yako. Fungu la ardhi liwe malisho, na mstari wa mapito uchorwe juu yake. Nilikuwa nikiogopa neno, lakini umenionyesha kwamba mchora barabara ananitisha zaidi.

Askari_wa_Kijiji amejibu:

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, na nitaongeza jambo dogo ambalo wenzangu hawajaligusa: maji.

Katika kijiji ninachofanyia doria, mbuga iliandikwa malisho, sheria ndogo zikapitishwa, bango likasimikwa. Mwaka uliofuata mfadhili mmoja alileta fedha za kisima kirefu, na kikachimbwa katikati ya mbuga kwa sababu gari la kuchimbia lilifika kwa urahisi pale. Nia ilikuwa njema kabisa. Baada ya kisima yakaja maboma mawili, kisha saba, kisha duka, kisha watu wakaomba darasa la watoto wadogo, na nani angekataa darasa? Sasa wanyama wanazunguka mbali, majani ya kuzunguka kisima yamekwisha, na wafugaji wa kawaida ndio wa kwanza kulalamika kwamba malisho ya wakati wa mvua yanaliwa mwaka mzima.

Kwa hiyo mpango wenu useme waziwazi wapi kisima, lambo, shule, zahanati na mnara wa simu vitajengwa, na wapi havitajengwa. Mbuga ya majira inalindwa na kukosa maji ya kudumu. Ndiyo maana mifugo na nyumbu huiacha ikapumzika. Na kwa upande wa simba na fisi, ambao hufuata nyumbu hadi karibu na maboma, waonyesheni watu wa kwenu maboma hai ya miti ya Commiphora yaliyofungwa waya, kama yale yanayotumika Simanjiro. Ng'ombe wakilala salama, hasira kwa wanyama inapungua hata kabla ya mkutano wowote.

Katibu_Nyanda amejibu:

Ndugu zangu, natoa taarifa ya tulipofikia.

Jana kamati ilikaa tangu asubuhi hadi jioni. Tumekubaliana kupendekeza kwamba mbuga itoke katika akiba na iingie katika ardhi ya pamoja kama malisho ya mifugo na wanyamapori, mstari wa mapito ukichorwa juu yake, na visima vikibaki upande wa makazi. Vijana wawili wameingizwa katika kamati, mmoja wao ni yule aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote Mkutanoni, na ndiye atakayefuatana na afisa kilimo kupima udongo wa upande wa korongo. Barua kwa kijiji jirani imepelekwa kwa mkono. Yule mzee nilimtembelea nyumbani. Hajaridhika na neno mapito, ila amesema atakuja kuonyesha yanapoanzia, kwa sababu asipoonyesha yeye tutayachora mahali pasipo pake.

Kuna jambo moja tuliloligundua wenyewe, nami naliweka hapa kwa faida ya vijiji vingine. Timu ya wilaya ilipanga kuja kutembea ardhi na kuchukua alama za GPS mwezi wa Agosti, barabara zikiwa kavu. Mpango wetu wa zamani nao ulipimwa mwezi wa Agosti. Nyumbu wote wakati huo wako mtoni Tarangire, mifugo iko kwenye maji, na mbuga ni majani makavu na upepo mtupu. Mtaalamu aliyesimama pale miaka ile aliandika alichokiona, yaani ardhi isiyotumiwa na mtu yeyote.

Tumeiandikia wilaya kuomba kwamba vikao vya awali vifanyike Agosti kama walivyopanga, lakini utembeaji wa mbuga ufanyike mwezi wa Februari, hata kama magari yatakwama na sisi itabidi tuyasukume. Afisa ardhi amejibu kwa simu kwamba anakubali, mradi tumpatie watu wa kuyasukuma.